Kilifikaje Hapa? Siku Mbili Katika Makumbusho ya Nairobi

Msomaji mmoja wa Arusha ameniandikia kwa masikitiko. Mwaka jana alipita Nairobi na mkewe na watoto wawili, wakalipa kiingilio cha Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill, wakazunguka vyumba vyote kwa saa moja na nusu, wakatoka miguu ikiwauma. Leo anachokikumbuka ni tembo wa uani peke yake. Sasa anarudi kwa siku mbili, na anauliza kama kuna haja ya kwenda tena au pesa hiyo ingefaa zaidi kwenye bembea na aiskrimu.

Aende tena, na watoto aende nao. Kilichomshinda ni kutaka kumaliza. Ukumbi wa ndege pekee una ndege waliokaushwa wapatao 900. Mtazame kila mmoja kwa sekunde kumi tu, na saa mbili na nusu zimekwisha kabla hujafika kwenye mafuvu wala ghorofa ya juu. Hakuna mtu awezaye hilo. Muda si mrefu macho huendelea kuangalia lakini hayachukui kitu tena, na hapo ndipo makabati yote huanza kufanana.

Chagua vitu vichache, sita au saba kwa siku nzima, na mbele ya kila kimoja uliza: kilifikaje hapa? Nani alikiokota, alikichonga, alikinunua au alikipora? Ni chenyewe au ni nakala? Swali hili analiweza profesa na analiweza mtoto wa darasa la tatu, tena mtoto hulivalia njuga kuliko profesa. Na Nairobi ni mahali pake hasa. Mji huu ulianza mwaka 1899 kama kambi ya wajenzi wa reli, kwa hiyo karibu kila kitu kilichomo kwenye makumbusho yake kilitoka kwingine, na kilikuja kwa njia ambayo mtu anaweza kuisimulia.

Kabla hujapanda gari

Ukitoka Arusha kwa basi kupitia Namanga asubuhi, utaingia Nairobi mchana au alasiri. Siku hiyo usiihesabu. Lala, uanze kesho yake.

Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill hufunguliwa kila siku, saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi na moja na nusu jioni. Jumba la Nyaraka za Taifa lililoko mjini ni tofauti: Jumapili hufungwa, na Jumamosi hufunga mapema mchana. Kosa la kawaida la wageni ni kupanga mjini wikendi na Museum Hill siku za kazi. Geuza: Museum Hill yaweza kuangukia Jumapili bila tatizo, ila siku ya mjini iwe kati ya Jumatatu na Ijumaa.

Malipo ya makumbusho ya serikali hupitia mfumo wa eCitizen, kwa M-Pesa au kwa kadi. Mwenye laini ya Tanzania pekee aje na kadi ya benki inayofanya kazi nje ya nchi, au ajisajilie laini ya Kenya kabla ya kufika getini, maana kuhangaika na simu mbele ya foleni ya wanafunzi mia moja kunaharibu asubuhi nzima. Viwango hugawanywa: raia wa Kenya, wakazi wa Afrika Mashariki, na wageni wa mbali. Tofauti ni kubwa, kwa hiyo beba kitambulisho au pasipoti ya kila mtu, na kwa watoto beba kitu kinachoonyesha umri. Mtoto mrefu wa miaka kumi na tano asiye na karatasi huweza kulipishwa kama mtu mzima. Bei zenyewe hubadilika; ziangalie wiki ile ile unayosafiri.

Vaa viatu vilivyokwisha kuzoea mguu. Vaa nguo ya rangi ya giza, na sababu yake nitaieleza tukifika kwenye vioo. Chukua daftari dogo na penseli. Kalamu ya wino ikidondoka karibu na kitu cha kale huacha doa lisilotoka, na ndiyo maana vyumba vingi vya kusomea nyaraka huruhusu penseli tu.

Museum Hill: anza na mafuvu

Kutoka katikati ya mji panda matatu yoyote ya Westlands na umwambie kondakta mapema kwamba unashuka Museum Hill, kwa sababu akipita steji utatembezwa hadi Westlands yenyewe. Kwa miguu ni kama nusu saa kando ya barabara kuu, njia yenye moshi na magari mengi. Ukiwa na watoto, chukua gari.

Fika saa mbili na nusu mlango unapofunguliwa. Wakati shule ziko wazi, mabasi ya wanafunzi huanza kushusha watu mwanzo wa asubuhi, na kuanzia saa nne hadi saa saba vyumba vidogo havipitiki. Watu wengi wakiingia huanza na ukumbi ulio mbele yao, wakipitia vibuyu na ndege polepole, na wanapofika kwenye mafuvu wanakuta watoto sitini wamejazana na mwalimu anapaza sauti. Fanya kinyume. Pita moja kwa moja hadi sehemu ya chimbuko la binadamu. Chumba chake ni kidogo na mwanga wake hafifu, na humo ndimo mna hazina ambayo nchi nyingi tajiri hazina.

Kwanza jifunze kusoma namba, kwa sababu namba ndiyo jibu la swali letu kwa ufupi. KNM ni kifupisho cha jina la Kiingereza la Makumbusho ya Kenya. Herufi mbili zinazofuata ni mahali kitu kilipopatikana: WT ni magharibi ya Ziwa Turkana, ER ni mashariki ya ziwa hilo hilo, ambalo Wakoloni waliliita Rudolf. Tarakimu za mwisho ni namba ya daftari la makumbusho. Ukishajua hilo, KNM-WT 15000 inakuambia asili yake hata kabla hujasoma maelezo.

Huyo 15000 ndiye Kijana wa Turkana. Alipatikana Agosti 1984 huko Nariokotome, na aliyemwona ni Kamoya Kimeu, mwana wa Ukambani, ambaye macho yake yalitambua kipande kidogo cha mfupa wa paji la uso katikati ya changarawe za rangi hiyo hiyo. Kipande hicho kikafungua njia ya mifupa iliyobaki, na mifupa hiyo ikawa kiunzi kilichokamilika kuliko vyote vya binadamu wa kale wa namna yake, chenye umri wa takriban miaka milioni 1.5 hadi 1.6. Simama hapo dakika kumi kamili. Linganisha kimo: wataalamu wanamkadiria kufikia kama mita 1.6, ilhali meno yake yanaonyesha alikuwa na miaka minane au tisa tu. Mweke mtoto wako wa umri huo kando ya kabati na umwambie atazame juu. Hapo ndipo mtoto anapoelewa kwamba watu wale walikua haraka kuliko sisi, na hakuna maelezo ya ukutani yanayoweza kumfundisha vizuri zaidi.

Mtajie pia jina la Kamoya. Nje ya jengo utakuta sanamu ya Louis Leakey, na watoto wetu wengi wanamaliza shule wakijua jina la familia hiyo peke yake. Ni familia iliyofanya kazi kubwa, hakuna anayewanyang'anya. Lakini fuvu maarufu la KNM-ER 1470 liliokotwa mwaka 1972 na Bernard Ngeneo, na Ngeneo huyo huyo akapata KNM-ER 3733 mwaka 1975. Fuvu la Kenyanthropus, kiumbe mwingine wa kale wa ukoo wa binadamu, KNM-WT 40000, liliokotwa na Justus Erus mwaka 1999. Hao ni Waafrika waliotembea juani kwa miezi, wakisoma ardhi kwa macho matupu. Mwandikishe mwanao majina hayo daftarini. Inauma kuona yakikosekana midomoni mwetu, na dawa ya uchungu huo ni kuyataja.

Kwa Mtanzania kuna kazi maalumu humu ndani. Tafuta KNM-ER 406. Ni jamii moja na Zinjanthropus, ambaye Mary Leakey alimwona Olduvai tarehe 17 Julai 1959 na ambaye makao yake ni Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam. Angalia utosini: kuna ukingo wa mfupa uliosimama. Misuli ya kutafunia ilishikilia pale, na ukubwa wa ukingo unakuonyesha nguvu ya taya. Kisha mtazame 3733: ukingo hauna, lakini sehemu ya ubongo ni kubwa zaidi, na juu ya macho kuna mfupa uliotokeza kama kibaraza. Viumbe hawa wawili waliishi kando ya ziwa moja katika zama zinazokaribiana sana. Mmoja alitegemea meno, mwingine akaelekea kwenye ubongo. Weka vidole juu ya nyusi zako mwenyewe ulinganishe.

Na hapa uliza habari ya nakala. Visukuku halisi vya thamani hii hutunzwa kwenye chumba chenye ulinzi, na unavyoviona katika makumbusho mengi ya Ulaya na Marekani ni nakala zilizofinyangwa kutokana na asili zilizoko Nairobi. Soma kila maelezo uone kama yanasema nakala au asili. Yakinyamaza, muulize mhudumu. Nakala haina aibu, inafundisha umbo vilevile. Ila ni haki yako kujua umesimama mbele ya nini.

Sasa vioo. Picha nyingi za makumbusho huharibika kwa sababu kioo kinamrudisha mpiga picha mwenyewe. Shati jeupe ndilo baya zaidi, linang'aa kioo kizima; nguo nyeusi au ya buluu iliyokolea haionekani. Zima flashi: ukiiwasha utapata doa jeupe tu, na kwenye michoro na vitambaa mwanga mkali hufubaza rangi, ndiyo maana huwa imekatazwa. Sogeza simu hadi iwe karibu kabisa na kioo, au simama upandeupande badala ya kukabiliana nacho uso kwa uso. Piga maelezo kwanza, kisha kitu chenyewe. Ukishika utaratibu huo, jioni utajua kila picha ni ya nini.

Ukitoka kwenye mafuvu kaa chini dakika kumi na tano, kisha nenda kwa tembo wa uani. Anaitwa Ahmed. Aliishi Marsabit, pembe zake zilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 60 kila moja, na Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi wa saa ishirini na nne kwa amri ya rais ili majangili wasimguse. Alikufa mwaka 1974, kwa uzee, jambo ambalo tembo wa pembe kama zile hawakuwa wakilipata. Huyo unayemwona uani ni umbo la faibaglasi la ukubwa wake kamili. Msomaji wangu alimkumbuka tembo, lakini kama angemkumbuka pamoja na amri ile, angekuwa na hadithi ya kuwapa wajukuu.

Kwenye ukumbi wa ndege chagua jamii moja tu. Tai na mwewe wanawafaa watoto kwa sababu ya makucha. Chozi wanamfaa mwenye kupenda rangi. Linganisha midomo ya ndege watano wa jamii hiyo na ujiulize kila mmoja anakula nini. Dakika ishirini, basi, toka.

Ghorofa ya juu ina historia ya Kenya, na hapa swali la kilifikaje hapa linakuwa zito, kwa sababu lina pacha wake: nini hakipo, na kiko wapi? Mradi wa utafiti ulioshirikisha makumbusho haya uliorodhesha vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyoko katika taasisi za Ulaya na Marekani. Mwaka 2021 onyesho lililotokana na kazi hiyo lilifunguliwa humu humu, na kati ya vilivyowekwa mbele ya watu kulikuwa na makabati matupu. Ngoma kuu ya Wapokomo, Ngadji, iko London tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Vigango vya Wamijikenda, nguzo za mbao zinazosimamishwa kwa ajili ya marehemu na ambazo kwa mila hazing'olewi, viliibwa vingi kutoka vijijini mwao na kuuzwa ng'ambo. Mwaka 2023 Illinois State Museum ya Marekani ilirudisha 37. Unaposimama mbele ya chombo cha kale humu, tazama kama maelezo yanataja mwaka wa kupatikana na jina la aliyetoa. Yakitaja kabila tu bila mtu wala mwaka, andika daftarini. Pengo hilo nalo ni habari.

Bustani ya nyoka, iliyofunguliwa 1961, iko kwenye uwanja huo huo. Iweke mwisho, saa tisa hivi. Ukianza nayo watoto hawatataka kuona kitu kingine chochote.

Siku ya mjini: reli, nyaraka, askari

Makumbusho ya Reli yako karibu na stesheni ya zamani, upande wa Haile Selassie Avenue. Nenda asubuhi. Vichwa vya treni vimesimama nje juani, na ifikapo saa sita chuma chake hakishikiki. Mtoto akiegemea ngazi ataungua mkono. Vaa viatu vilivyofunika vidole, kwa sababu kuna kokoto, majani na ngazi za chuma zilizochongoka.

Tafuta namba 5918, iliyoandikwa Mount Gelai. Ni moja ya injini za aina ya Garratt, daraja la 59, zilizojengwa Manchester na Beyer Peacock mwaka 1955 na 1956, jumla 34. Zilikuwa injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote duniani kwenye reli ya upana wa mita moja, kila moja ikiwa na uzito wa tani 252 hivi, na kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Gelai uko karibu na Ziwa Natron, upande wa Tanzania. Mwenzake aliyepo hapo, 5930, ni Mount Shengena, na Shengena ni kilele cha Upare. Mpare anayepita Nairobi bila kwenda kumwona Shengena amepoteza jambo.

Zunguka injini yote kabla ya kupanda. Utaona kwamba tangi la kuchemshia maji limebebwa katikati, na magurudumu yamegawanyika makundi mawili, mbele na nyuma, kila kundi likiwa na pistoni zake. Makundi hayo hugeuka kila moja peke yake. Ndiyo siri ya Garratt: treni ndefu na nzito iweze kupinda kwenye kona za kupandia kutoka Mombasa bila kuacha reli, na uzito usambazwe usivunje njia nyepesi. Ukilielewa hilo umeelewa kwa nini Afrika Mashariki ilizinunua.

Kisha behewa namba 12. Juni 1900, ofisa wa polisi Charles Ryall alilala ndani yake kwenye stesheni ya Kima akimvizia simba aliyekuwa akila watu. Usingizi ukampitia. Simba akaingia behewani, akamuua, akamtoa kupitia dirishani. Watoto watataka kuliona dirisha, waonyeshe. Lakini waambie pia kwamba reli ile ilijengwa na vibarua wapatao 32,000 waliotoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Jina la ofisa mmoja limehifadhiwa na behewa lake; majina ya wale hayana behewa. Na simba wawili wa Tsavo, wale wa mwaka 1898 waliosimamisha ujenzi wa daraja? Wako Chicago, kwenye Field Museum. Patterson, mhandisi wa daraja hilo aliyewaua, alikaa na ngozi zao kama mazulia kwa miaka mingi, kisha akaziuza.

Kutoka hapo tembea hadi Moi Avenue, kwenye Jumba la Nyaraka za Taifa. Simu iweke mfukoni njiani. Eneo la stesheni lina msongamano na wanyakuzi. Jengo lenyewe la mawe lilikuwa benki tangu mwaka 1906. Watu huweka miadi mbele yake kila siku ya Mungu, na walio wengi hawajawahi kupanda zile ngazi. Ghorofa ya chini kuna mkusanyo wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, aliyeishika nafasi hiyo kwa muda mfupi mwaka 1966 akajiuzulu.

Murumbi alinunua sanaa ya Afrika nzima wakati wakubwa wenzake walikuwa wakinunua mashamba: vinyago vya Afrika Magharibi, vitambaa, vito, stempu, na vitabu adimu vipatavyo 8,000 vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900. Wanunuzi wa nje walimfuata na pesa nyingi zaidi. Aliiuzia serikali ya Kenya kwa bei ya chini ili vibaki hapa. Nyumba yake ya Muthaiga, iliyokusudiwa kuwa taasisi ya masomo ya Afrika, haikutunzwa, ikabomolewa. Ndiyo maana naomba mtu aingie humu bila haraka. Chukua kinyago kimoja, ukizunguke pande zote, utafute alama za tezo upande wa nyuma ambao mchongaji hakutarajia uonekane, na sehemu zilizong'aa kwa kushikwa. Kinyago kilichochezewa kina mng'ao wa jasho na matundu ya kufungia kamba yaliyolika. Kilichochongwa kwa ajili ya duka kina matundu makali, mapya. Maelezo hapa ni mafupi, na hilo ni tatizo la kweli, kwa hiyo mhudumu akiwa na nafasi muulize.

Ukitaka kusoma nyaraka zenyewe, chumba cha wasomaji ni habari nyingine: unajiandikisha, unalipia, na asiye raia anapaswa kuwa na kibali cha utafiti. Usilichanganye na matembezi ya siku moja.

Panda Kenyatta Avenue kuelekea Uhuru Highway. Njiani kuna wanaume watatu wa shaba juu ya jiwe: kumbukumbu ya askari na wapagazi Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kazi ya James Alexander Stevenson, iliyowekwa 1928. Mchongaji huyo huyo ndiye aliyetengeneza Askari wa Dar es Salaam. Mtazame aliyebeba mzigo. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na njaa kuliko kwa risasi, na hapa angalau mmoja wao amesimama sawa na wenye bunduki. Soma maneno ya Kiswahili yaliyoandikwa pale. Ni bure, na hayahitaji eCitizen. Vuka kwa taa, magari hayasubiri.

Mwisho wa barabara, kwenye kona ya Uhuru Highway, ni Nairobi Gallery. Jengo la mawe la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, ambako watu waliandikisha vizazi, ndoa na vifo, na ndipo umbali wa kwenda miji mingine ulipohesabiwa kuanzia. Ndani kuna sehemu nyingine ya mali ya Murumbi, na ukitoka kwenye Nyaraka ukafika hapa siku hiyo hiyo utaona mkono wa mnunuzi mmoja: alichopenda, alichorudia. Vyumba ni vichache na vimetulia; saa moja inatosha kabisa. Usielekeze kamera jirani, Nyayo House, ambayo ni jengo la serikali lenye walinzi. Inafaa kujua, hata hivyo, kwamba makumbusho ya Museum Hill yalianzia kwenye kiwanja hicho mwaka 1910, yakihamia kwanza kiwanja kingine kabla ya kukaa kilimani mwaka 1930.

Waongozaji, watoto, na siku ya tatu

Mwongozaji wa Museum Hill mchukue kwa sehemu ya mafuvu na historia tu. Patana bei na muda kabla ya kuanza, mwambie unataka vitu vitano na si ziara nzima, na muulize swali lako la kilifikaje hapa kwenye kitu cha kwanza. Anayeweza kulijibu, endelea naye. Anayekariri maelezo ya ukutani, mshukuru kwa heshima uendelee peke yako.

Watoto wa chini ya miaka kumi wape saa moja ya kutazama, nusu saa ya kula na kukimbia, kisha saa nyingine. Kuchora kunawashikilia kuliko kupiga picha: mtoto akichora fuvu lazima ahesabu meno. Usimsomee maelezo kabla hajatazama. Muulize kwanza anadhani kitu hiki ni nini na kilitumika vipi, ndipo msome pamoja muone kama kapatia.

Atakayebaki siku ya tatu aende Karen, kwenye nyumba iliyojengwa 1912 aliyoishi Karen Blixen hadi 1931 na ambayo Denmark iliikabidhi Kenya wakati wa uhuru. Ni nyumba nzuri, lakini kwa swali letu ni nyembamba, na usafiri unakula nusu siku. Mimi ningechagua sanaa ya sasa: Nairobi Contemporary Art Institute, iliyoanzishwa na Michael Armitage, mchoraji mzaliwa wa Nairobi anayepaka rangi juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti kutoka Buganda. Angalia kwanza kama kuna onyesho linaloendelea, kwa maana kati ya onyesho moja na jingine kuta huwa tupu kwa wiki kadhaa na mlango hufungwa.